Muziki mbovu kwenye gari la zamani: anza na mlio, ufuate mpaka kwenye chanzo

Mara nyingi mteja anafika kibandani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na boksi la redio mpya kwapani. Spika za gari lake zinakwaruza, kaambiwa redio imechoka, kanunua nyingine. Namwomba aliweke boksi kwenye kiti, tuwashe ile ya zamani kwanza. Kwenye magari ya miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000, zile Corolla, Carina, Mark II na Hilux tulizozizoea, redio ni kitu cha mwisho ninachokishuku. Mbele yake kuna spika, waya za milangoni, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bati la gari), antena na mfumo wa gari wa kuchaji betri. Ukibadili redio wakati ugonjwa uko mlangoni, ugonjwa unabaki palepale na hela imeshakwenda. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu kipimo ambacho kingeonyesha ukweli kinachukua dakika tano.

Kabla ya kushika bisibisi

Kaa kwenye kiti cha dereva, weka wimbo unaoujua vizuri, sauti ya wastani. Geuza balansi kushoto, kisha kulia. Peleka feda mbele, kisha nyuma. Ubovu ukisikika kona moja tu, tatizo liko kwenye spika ile au waya wake. Kona zote nne zikitoa ubovu uleule, achana na spika kwa sasa, tafuta kitu ambacho zote zinakitegemea: umeme, ethi, chanzo cha muziki, au redio yenyewe.

Halafu badili chanzo. Sikiliza FM, kisha fleshi, kisha kanda au CD kama ipo. FM ikiwa mbovu peke yake, twende kwenye antena. Kanda ikiwa mbovu peke yake, spika hazina kosa.

Kisha kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote, nami nakipenda kuliko vyote. Injini ikiwa inaunguruma, shusha sauti mpaka sifuri. Kama mluzi au mvumo unaendelea vilevile, unaingia baada ya kitasa cha sauti, yaani kwenye umeme wa redio, kwenye ethi, au kwenye amplifaya kama gari linayo. Kama unapungua na kupotea pamoja na muziki, unaingia kabla ya kitasa: antena, waya wa oksi (AUX), au simu uliyochomeka. Mwisho zima injini, acha swichi kwenye ACC, pale redio inapowaka bila injini. Kelele ikikoma papo hapo, imetoka kwenye injini au alternata, ile mashine inayochaji betri.

Andika ulichokisikia, hata nyuma ya risiti. Mtu akishafungua milango miwili na dashibodi anasahau kama mlio ulikuwa kushoto au kulia.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mita ya kawaida ya kupimia umeme, betri moja ya tochi ya volti 1.5, waya mrefu wenye klipu, na spika moja nzima ya majaribio. Hiyo spika itakuokoa mara nyingi kuliko mita.

Spika moja inakwaruza, au inasikika kama mtu anaongea chini ya blanketi

Weka kiganja kwenye kava la mlango, ulikandamize kwa nguvu wakati muziki unapiga. Mkwaruzo ukikoma, spika haina tatizo. Ni kava linatetemeka kwa sababu klipu zimevunjika au skrubu zimepotea kwenye matengenezo ya kitasa cha kioo. Kipande cha sponji au mkanda wa kitambaa kati ya kava na bati kinamaliza kazi. Nimeshaona spika nzima kabisa zikitupwa kwa kosa la klipu tatu.

Kama mkwaruzo upo palepale, fungua kava. Klipu za plastiki zilizokaa miaka ishirini na zaidi huvunjika kama biskuti asubuhi ya baridi, na huku kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi zote ni za baridi. Subiri jua lipige mlango kidogo, kisha bandua kwa kibao chembamba au mpini wa mwiko, ukianzia chini.

Ukishafungua, usikimbilie spika. Tazama kwanza nailoni. Magari haya yalitoka kiwandani na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi juu ya bati la ndani la mlango. Watu wengi wanadhani ni ya kuzuia vumbi, na fundi wa vioo akiichana haoni haja ya kuirudisha. Kazi yake kubwa ni maji. Mvua ikinyesha, maji hupita kando ya kioo, pale kwenye mpira, yakashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyoko chini kabisa. Ndani ya mlango wa gari pamelowa kila msimu wa mvua, ndivyo ulivyotengenezwa. Nailoni inayazuia maji yasifike kwenye kava. Na spika ya kiwandani mara nyingi ilikuja na kofia ya plastiki upande wa nyuma, ili matone yapite pembeni ya sumaku na koni, ile karatasi au plastiki inayotetemeka kutoa sauti. Spika mpya ikifungwa bila kofia hiyo, mgongo wake unanyeshewa masika yote.

Masika yaliyopita nililetewa Corolla kutoka Tukuyu. Nilipomwamkia mwenyewe, mzee wa makamo, alinijibu, "Marahaba mwanangu. Spika ya kushoto inakoroma. Ajabu ni kwamba kiangazi ilikuwa inaimba vizuri tu."

Nikamwuliza, "Gari unaliegesha wapi, mzee?"

"Nyumbani, chini ya mparachichi."

Nilipofungua mlango na kuufunga nikasikia maji yakicheza ndani. Vitundu vya chini vilikuwa vimezibwa na tope jeusi lililochanganyika na majani yaliyooza. Nilichokonoa kwa waya, maji yakatoka ya kujaza jagi. Spika ilikuwa na koni ya karatasi. Pembeni ilikuwa imelainika kama boksi lililonyeshewa, na kwenye ukingo wa sumaku kulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa iliyokuwa inamomonyoka vipande vipande. Vipande hivyo huvutwa na sumaku, vikaingia kwenye mwanya ule mwembamba ambamo koili, ule mviringo wa waya ulioshikana na koni, inapanda na kushuka. Ndiko mkoromo unakotoka. Kiangazi karatasi ilikuwa inakauka na kukaza tena, ndiyo maana ilikuwa inaimba.

Tulizibua vitundu milango yote minne, tukaweka spika yenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, tukakata dumu la mafuta ya kula la lita tano tukalikunja kuwa kofia juu ya spika, upande wa chini ukiwa wazi ili spika ipumue. Nailoni mpya juu yake. Kabla ya kurudisha kava tulimwagia kioo maji kwa jagi lilelile na kuangalia kwa tochi yanapita wapi. Yalipita mbali na spika. Mzee akasema "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuondoka na muziki wake. Ukiishi Rungwe, Kyela au Njombe, fanya kipimo hiki cha jagi kabla masika hayajaanza.

Sasa spika yenyewe. Ibonyeze koni taratibu kwa vidole vinne vilivyosambaa sawasawa kuizunguka, uiachie. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia au ukihisi mkwaruzo, koili inagusa sumaku au mwanya una uchafu, na spika hiyo haiponi kwa gundi. Magari yanayoshinda Usangu, Rujewa na Ubaruku, au barabara za vumbi za Chunya, huleta ugonjwa huohuo bila maji: vumbi laini linaingia kwenye mwanya kidogo kidogo.

Gusa ukingo wa koni. Ule wa sponji huoza kwa umri, ukabaki unga mweusi kwenye kidole. Ukingo ukiwa umeoza lakini koili nzima, kuna mafundi wanaobadili ukingo tu, na kwa spika nzuri ya zamani nakushauri ufanye hivyo. Mpasuko mdogo kwenye koni ya karatasi unazibika kwa kipande cha tishu na gundi nyeupe ya mbao. Usitumie gundi kali ya kukauka haraka kwenye ukingo, inaufanya mgumu na sauti inazidi kuharibika.

Kwa mita, chomoa waya moja ya spika upime ohmu. Spika iliyoandikwa ohmu 4 huonyesha kati ya 3.2 na 3.8, na hiyo ni sawa. Mita isipoonyesha njia kabisa, koili imekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, koili imeungua na kuungana yenyewe. Hiyo itoe mapema, inaweza kuua redio.

Sauti nyembamba, besi haipo

Muziki upo, maneno yanasikika, lakini gitaa la besi limepotea. Mteja kashapandisha besi mpaka mwisho. Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika: spika moja imeungwa kinyume. Koni ya kushoto inapokwenda mbele, ya kulia inarudi nyuma, hewa inasukumwa na kuvutwa kwa wakati mmoja, na besi inajimaliza yenyewe. Sauti za juu haziathiriki sana, ndiyo maana mtu anadhani spika ni dhaifu.

Geuza balansi upande mmoja kabisa. Kama besi inaongezeka ukibaki na spika moja, umeshapata jibu. Kuthibitisha, chomoa waya za spika kwenye redio, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye jozi moja kwa sekunde moja tu, mwenzako akiangalia koni. Chanya ikigusa chanya, koni inaruka kwenda nje. Ikirudi ndani, waya zimepishana. Rekebisha, kisha nenda spika inayofuata. Zote nne ziruke nje.

Kwenye waya za redio za kawaida za dukani, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ile yenye mstari mweusi ndiyo hasi ya jozi yake. Rangi za waya za gari lenyewe ni nyingine kabisa, kwa hiyo usiunganishe kwa kufananisha rangi. Tumia betri.

Hapa lazima niseme kosa nililolifanya nikiwa bado mwanafunzi wa kazi hii. Nilipewa pikapu ya zamani sana, ambayo spika zake zilikuwa na waya moja moja ya chanya, na hasi zote zimefungwa kwenye bodi ya gari. Nikafunga redio mpya kwa mtindo huohuo. Ilipiga kwa dakika chache, sauti ikawa ya kupasuka, redio ikawa ya moto, ikanyamaza moja kwa moja. Niliilipa kwa miezi miwili. Redio za siku hizi hazina hasi ya kweli kwenye spika: waya zote mbili zina umeme, kama volti 6 kila moja ukipima dhidi ya bodi. Ukiigusisha moja na bati, umeifunga redio shoti. Kila spika lazima iwe na waya zake mbili mpaka kwenye redio, na pikapu za namna ile zinahitaji kuvutiwa waya mpya. Hata kwenye Corolla ya kawaida, waya wa spika uliochunika ndani ya mlango na kugusa bati unaleta dalili zilezile: sauti inapasuka, redio inajizima, inarudi ikipoa.

Sauti inakata na kurudi

Fungua na ufunge mlango wakati muziki unapiga. Ikikata hapo, waya umekatika ndani ya mpira unaopita kati ya nguzo na mlango, karibu na bawaba. Umekunjwa na kukunjuliwa mara maelfu. Shaba imekatika huku plastiki ya nje ikiwa nzima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Uvute taratibu: ukirefuka kama mpira, ndani hamna shaba. Ongeza kipande, ulehemu kwa solda, uweke maungio mbali na mkunjo.

Ikikata ukipita kwenye matuta, angalia maungio nyuma ya redio. Waya zilizosokotwa na kufungwa tepu hulegea. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la dashibodi na waya zinabaki uchi.

Ikikata baada ya kusikiliza kwa nguvu nusu saa, gusa mgongo wa redio. Ukiwa wa moto usioweza kushika, hesabu spika. Watu wanaongeza spika za nyuma kwa kuziunga juu ya zilizopo, na spika mbili za ohmu 4 zikiungwa pamoja namna hiyo zinakuwa ohmu 2. Redio iliyotengenezewa ohmu 4 inalazimika kutoa mkondo mara mbili, inapata joto, inajilinda. Toa spika za nyongeza au weka amplifaya.

Na kama inakata ukigusa kitasa cha sauti, kitasa chenyewe kimeingia uchafu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia maungio ya umeme inatosha, kitasa kikizungushwa mara nyingi huku na huku.

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta

Huu kila mtu anaujua: unakanyaga, mluzi unapanda, unaachia, unashuka. Chanzo ni alternata, lakini njia unayopitia kuja kwenye spika mara nyingi ni ethi mbovu.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye bati la mwili wa redio, nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwaka na taa zimewashwa. Unataka kuona chini ya volti 0.1 au karibu na hapo. Ukiona 0.3, 0.5, ethi ya redio haifai. Mara nyingi fundi aliifunga kwenye skrubu yoyote ya dashibodi, na skrubu hiyo imeshikilia plastiki au bati lenye rangi. Tafuta bati la bodi, kwangua rangi kwa msasa mpaka ling'ae, funga kwa bolti, paka grisi kidogo juu kuzuia kutu. Ukiwa hapo angalia pia ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na bodi. Kwenye magari yaliyowahi kushushwa injini, mkanda huo husahaulika.

Kisha pima betri. Gari limezimwa usiku kucha, volti 12.6 ni betri nzima. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Geuza mita kwenye AC upime kwenye nguzo za betri injini ikiwaka. Alternata nzima huonyesha kiasi kidogo sana. Ukikuta zaidi ya volti 0.5 ya AC, diodi za alternata zimeanza kufa, na hapo muziki ndio umekuonya mapema kabla gari halijakulaza njiani. Lipeleke kwa fundi wa alternata kabla ya safari.

Kama mluzi unakuja tu ukiwa umechomeka simu kwenye oksi huku inachaji kwenye tundu la laita, chomoa chaji. Ukikoma, ethi mbili zinagombana. Simu ipige kwa betri yake, au weka kile kifaa kidogo chenye transfoma kinachokaa kwenye waya wa oksi.

Mlio wa tik-tik-tik unaofuata mwendo wa injini ni jambo jingine: waya za plagi zilizochoka au plagi zisizo na kizuizi ndani. Plagi zenye kizuizi mara nyingi zina herufi R kwenye namba yake. Hilux ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo huko usizitafute. Sikiliza pampu, indiketa au feni.

Na kwa wenye Fuso na Canter za volti 24: usichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Moja inanyonywa, nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa kabla ya siku zake. Tumia kipunguza umeme, ukichague kizito kidogo, kwa sababu vile vyepesi huleta mvumo kwenye FM.

FM imejaa mchanga

Gari lako likitoka Japani na redio yake, elewa kwanza jambo hili. Masafa ya FM ya Japani zamani yalikuwa 76 hadi 90. Yetu ni 88 hadi 108. Ndiyo maana redio ya Kijapani bila kifaa cha kuhamisha masafa inashika vituo viwili vitatu tu vya chini. Kifaa hicho, ekspanda, kinakaa kati ya antena na redio na kushusha kila kituo kwa kiasi kilekile. Kikishusha 16, kituo cha 100.0 utakikuta 84.0.

Ekspanda ina kasoro mbili zisizoondoka. Redio ina nafasi ya 14 tu, sisi tuna 20, kwa hiyo kuna vituo vitabaki nje hata ununue ekspanda gani. Tena kituo chenye nguvu kilichopo 89 kinaweza kupenya bila kushushwa, kikakaa juu ya kile cha 105 kilichoshushwa mpaka palepale. Ukisikia watangazaji wawili wakiongea pamoja, ndicho hicho. Ekspanda pia inahitaji umeme na ethi nzuri. Nyingi zinaning'inia tu nyuma ya redio. Hapa ndipo mahali pekee ambapo nakubali mtu abadili redio hata kama ni nzima.

Kama redio inafika 108 na bado kuna mchanga, yaani ile kelele ya kushindilia kituo, fuata antena. Ya fimbo vuta yote: kwa masafa yetu urefu unaofaa ni karibu sentimita 75. Shina lake linatakiwa kugusa bati la bodi. Kutu hapo inaua mapokezi. Magari mengi ya Mark II na mastesheni wagoni yana antena iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma, na kuna kikuza mawimbi kidogo kinachohitaji volti 12. Waya wa buluu wa redio ndio unaokipa. Aliyebadili redio akiuacha waya huo ukining'inia, mapokezi yanakufa siku hiyohiyo, na redio mpya inalaumiwa bure.

Chomoa kila kitu kwenye tundu la laita: chaji za bei ya chini, kamera ya dashibodi, hata kile kirusha FM cha fleshi. Zima taa za LED ulizoongeza. Nimeona chaji moja ikifunika vituo vyote vya Mbeya mjini. Na kama unatumia kirusha FM, kiweke kwenye masafa matupu; yaliyo matupu Mbeya huenda yana kituo Iringa, kwa hiyo safarini utabadilisha.

Ila milima ni milima. FM inakwenda kama mwanga, haipindi nyuma ya mlima. Ukishuka Kitonga, au ukivuka Uporoto kuelekea Tukuyu, kituo kikififia na kurudi, gari lako ni zima. Redio yenye kitufe cha MONO itasaidia hapo: muziki wa pande mbili unahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi, ukibaki na mono mchanga unapungua sana.

Ukipandisha sauti inapasuka

Redio imeandikwa wati 50 mara nne. Isome hivyo na uendelee. Kwa umeme wa volti 14 na spika ya ohmu 4, saketi ya kawaida ya redio haiwezi kutoa wati safi zaidi ya 25 hivi kwa kila spika, na kwa kweli hutoa kama 15 hadi 20. Ukizidisha, kilele cha wimbi kinakatwa, na ndiyo ile sauti ya kupasuka. Injini ikizimwa, volti zinashuka, kupasuka kunaanza mapema zaidi.

Kinachowaponza wengi ni kitufe cha besi. Kuongeza besi kwa desibeli 10 ni kudai nguvu mara kumi kwa sauti hizo. Ulikuwa unasikiliza kwa wati 2, sasa besi inataka 20, redio imefika mwisho wake na bado hujafika sauti unayoitaka. Rudisha besi, trebo na laudi kwenye sifuri, upandishe sauti upya. Mara nyingi gari linaimba kwa nguvu zaidi kuliko kabla. Ukitaka besi nzito, amplifaya na sabufa ndiyo njia. Redio peke yake haina nguvu hiyo.

Ikipasuka hata kwa sauti ndogo, pima waya wa njano wa redio muziki ukiwa juu. Ukishuka chini ya volti 11 wakati betri iko 12.6, umeme unapotelea njiani: fyuzi iliyoshika kutu, maungio mabaya, waya mwembamba. Na mahali pa fyuzi paweke fyuzi.

Asubuhi mbovu, mchana nzuri

Gari la Makete au Njombe, mwezi wa saba, asubuhi. Sauti ni ndogo, ina mvumo, skrini hafifu. Ikifika saa nne kila kitu sawa. Hizo ni kapasita za redio, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani yake, zilizokauka kwa umri. Baridi inazipunguzia uwezo zaidi, joto linazirudishia kidogo. Fundi wa redio anazibadilisha zote kwa mara moja, na redio ya kiwandani iliyotengenezwa vizuri inastahili kazi hiyo. Solda iliyopasuka huleta dalili za kufanana, lakini hiyo hujibu pia ukipiga redio kofi jepesi.

Kanda ikisikika kama imefunikwa, chovya pamba kwenye spiriti, usugue kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira mpaka pamba isiwe na rangi ya kahawia. Ni kazi ya dakika mbili.

Ukibaki na redio peke yake

Umepita kote na ubovu upo. Toa redio, iweke mezani, iunge na betri nzima: njano na nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na ile spika yako ya majaribio kwenye jozi moja, kisha nyingine, mpaka zote nne. Ikiimba safi mezani, ubovu uko kwenye gari. Rudi kwenye waya na ethi. Ikikwaruza mezani kwenye jozi ileile uliyoiandika mwanzoni, redio ndiyo mbovu, na boksi lile kwenye kiti sasa lina kazi.

Unapofunga mpya, usikate soketi ya gari. Toyota za miaka hiyo zina soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na waya wa kati wa kuziunganisha na redio yoyote unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Lehemu upande wa waya huo wa kati, ukiwa umekaa mezani na mwanga wa kutosha. Soketi ya gari iachwe kama ilivyotoka kiwandani, ili atakayeipima baada yako akute waya zikiwa na rangi zake.